Sura ya Sita: Kiwanda Kikifungwa, Jengo ni la Nani?

Reli ya Kusini iliishi miaka kumi na mitatu hivi. Kipande cha kwanza, kutoka Mkwaya karibu na Lindi kwenda Nachingwea, kilianza kazi mwaka 1949. Njia ya kutoka Mtwara ikafuata, na bandari ya Mtwara yenye kina kirefu ikafunguliwa mwaka 1954. Mwaka 1962, uhuru ukiwa bado mchanga, treni zikasimamishwa. Muda mfupi baadaye vyuma na mataruma viling'olewa na kuondolewa. Kijana wa leo wa Mtwara anayesikia wanasiasa wakiahidi reli ya kwenda Mbamba Bay aelewe kwamba babu yake aliwahi kuipanda treni, na aliishi hadi kuona njia yake ikiota majani.

Naanza na reli kwa sababu ndiyo mfano wa kwanza mkubwa wa jambo lililojirudia Kusini mara tatu katika miaka sabini: shughuli kubwa huletwa kwa mpango uliochorwa mbali, hudumu kipindi kifupi kuliko umri wa mtu mzima, kisha hufungwa. Wanaobaki ni watu, na hakuna mpango wowote ulioandikwa kwa ajili yao. Vitabu vingi vya uchumi hushughulika na namna ya kuleta kiwanda. Sura hii inahusu siku ya pili yake: mji, kata na kijiji vifanye nini kiwanda kinapokufa, na kwa nini jibu la swali hilo lazima liandikwe kabla hakijazaliwa.

Reli ile ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga, uliotokana na njaa ya mafuta ya kupikia huko Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine Tanganyika. Ujumbe wa watu watatu ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa nchi hii, ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa, sehemu kubwa ya ukaguzi ikifanywa kwa ndege. Ukarudi na pendekezo la kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu, na sehemu kubwa zaidi ya eneo hilo ilipaswa kuwa Jimbo la Kusini. Mambo yaliharibika mapema kule Kongwa, mradi ulikoanzia: udongo uligeuka mgumu kama zege baada ya mvua, matrekta yalikuwa mabaki ya vita, na mvua zenyewe hazikuaminika. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilifuta mradi ule katika vitabu vyake pamoja na hasara ya takriban pauni milioni 36.

Hasara ile imeandikwa sana. Jambo ambalo halikuandikwa vya kutosha ni swali ambalo waliochora reli hawakujiuliza. Walihesabu tani za karanga za kutoka Nachingwea hadi baharini. Hawakuhesabu kile ambacho wakulima wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao walikuwa tayari wanakilima, wala kile ambacho wangeweza kulima kama pangekuwa na usafiri wa uhakika. Karanga zilipokosekana, reli ikaonekana haina kazi. Na wakati ule ule inang'olewa, wakulima wadogo walikuwa wanapanda mikorosho kwa kasi bila mtu yeyote kuwaamuru. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, na nyingi zilitoka mikoa hii ya Kusini. Mzigo uliokosekana mwaka 1962 ulikuja miaka kumi na moja baadaye, ukakuta hakuna njia ya kuupitishia isipokuwa barabara za vumbi zilizofungwa na mvua.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mradi wa karanga haukuacha kitu. Uliacha gati lenye urefu wa mita 385, katika moja ya ghuba nzuri za asili kwenye pwani yote ya Afrika Mashariki. Uliacha mji wa Mtwara uliopangwa kwa mitaa mipana, ukauzidi Mikindani wa kale ulio jirani. Uliacha Nachingwea majengo na mashamba yaliyopewa namba. Moja kati ya hayo, Farm 17, lilikuja kutumiwa na wapigania uhuru wa FRELIMO, na jina lake likaingia katika historia ya ukombozi wa Msumbiji. Mali ilibaki. Kilichokosekana ni mwenye mali, yaani mtu au chombo cha Kusini chenye haki ya kusema: reli hii msiing'oe, tuachieni miaka kumi tu.

Mara ya pili ilikuwa korosho zenyewe, na hapa nitakaa, kwa sababu jeraha hili liko wazi hadi leo na watu walioliona bado wapo.

Serikali ya Tanzania huru iliona jambo la kweli: nchi inauza korosho ghafi India, Wahindi wanazibangua, faida inabaki kwao. Jibu likawa viwanda. Kuanzia miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilijengwa viwanda kumi na viwili vyenye uwezo wa kubangua takriban tani 113,000 kwa mwaka, vingi vikiwa vya mkopo wa Benki ya Dunia na vikitumia mitambo ya Italia na Japani. Mtwara mjini, Likombe, Newala, Masasi, Lindi, Mtama, Nachingwea, Tunduru: orodha yake ni ramani ya Kusini. Vilikuwa majengo makubwa, yenye mabomba marefu ya moshi, kengele za zamu na nyumba za wafanyakazi.

Vilivyofuata vinajulikana na kila mzee wa Newala. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilihamisha familia kutoka kwenye makazi yao ya zamani hadi vijiji vya ujamaa, na mikorosho ikabaki mbali na wenyewe. Mkorosho usiopaliliwa huvamiwa na kichaka, moto wa kiangazi ukipita unaondoka nao. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na mnunuzi pekee akawa Mamlaka ya Korosho iliyoundwa miaka mitatu kabla. Bei iliyomfikia mkulima ikashuka. Halafu ukaja ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajafunga tunda. Msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi kama tani 16,000 na ushei. Viwanda vilivyojengwa kubangua tani laki moja na zaidi vilibaki vinaangaliana na magunia matupu. Baadhi havikuwahi kufanya kazi hata msimu mmoja kamili.

Lakini tusiseme malighafi peke yake ndiyo iliyoviua. Mitambo ilikuwa na kasoro yake. Korosho ni tunda lenye ganda gumu lililojaa mafuta makali yanayochoma ngozi, na ndani yake kuna kiini laini kinachovunjika upesi. Soko hulipa bei ya juu kwa kiini kizima cheupe. Kilichovunjika huuzwa kwa bei ya kutupa. Mashine za wakati ule zilivunja korosho nyingi kuliko mikono ya wanawake wa Kollam kule Kerala. Kiwanda kilikuwa na umeme, boila na wahandisi, lakini kilitoa bidhaa duni kuliko banda lenye safu ya akina mama, majivu ya kujipaka mikononi na nyundo ndogo za mbao. Tuliamini ukubwa wa mtambo ndio maendeleo. Mimi nadhani hili ndilo kosa lililotugharimu zaidi, kwa sababu lilitufanya tudharau ujuzi ambao ungeweza kuenea kijiji kwa kijiji kwa mtaji mdogo.

Miaka ya 1990 sera ikageuka. Viwanda vikabinafsishwa, vingi kwa wafanyabiashara wa korosho ghafi. Ukikaa na jambo hili kidogo utaona matokeo yake yalikuwa yameandikwa usoni. Mnunuzi wa korosho ghafi anahitaji ghala, na kiwanda kilichokufa ni ghala zuri sana: kina paa la juu, sakafu ya zege, uzio na kiko kando ya barabara. Kwa hiyo majengo yaliyojengwa kwa mkopo wa taifa ili korosho ibanguliwe nchini yakawa mahali pa kuihifadhia kabla haijasafirishwa kwenda kubanguliwa kwingine. Mikataba ilitaja uendelezaji, ila aliyetakiwa kukagua alikuwa Dar es Salaam, na aliyepoteza ajira alikuwa Newala.

Wakulima, kwa upande wao, walifufuka kabla ya viwanda. Kituo cha utafiti cha Naliendele, kilomita chache kutoka Mtwara mjini, kilichoanzishwa mwaka 1970, kilipata dawa ya ubwiriunga katika unga wa salfa, kikatoa mbegu bora na kufundisha namna ya kupogoa na kupandikiza. Mwaka 2007 ukaanza mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, zikapimwa, zikawekwa ghalani na kuuzwa mnadani. Mfumo umekuwa na kelele zake, makato mengi na malipo ya kuchelewa. Bado nauona bora kuliko kangomba, yule mlanguzi anayepita na kopo lake mwezi wa njaa na kununua mavuno ambayo bado yako mtini. Msimu wa 2017/18 mavuno yalizidi tani 300,000, mara mbili ya kilele cha miaka ya 1970.

Na mwezi Novemba 2018 tukaonyeshwa hadharani gharama ya viwanda vilivyokufa. Wakulima walikataa bei za mnadani, Rais John Magufuli akaamua serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Nia ikatangazwa pia ya kuzibangua hapa hapa, na kiwanda cha Buko kilichopo Lindi kikakabidhiwa jeshi. Lakini taifa lilikuwa limeshika zaidi ya tani laki mbili za korosho na halina mahali pa kuzibangulia. Uwezo ulioachwa ufe kwa miaka thelathini haukuweza kufufuliwa kwa amri ya mwezi mmoja, hata amri hiyo ikitoka juu kabisa.

Nimesema mara tatu. Ya tatu ni gesi.

Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa na kampuni ya Italia, AGIP, mwaka 1982, ikalala chini ya ardhi kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kuanza kuzalisha umeme wa Mtwara na Lindi katikati ya miaka ya 2000. Kisha yakaja magunduzi makubwa ya bahari kuu, na mji ukapata homa. Mwaka 2012 viwanja vilipanda bei mwezi hadi mwezi. Hoteli na nyumba za wageni zikachipuka. Vijana wakaambiwa wasome gesi. Lilipotangazwa bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, watu waliandamana Desemba 2012. Januari 2013 ghasia zikafika Masasi. Tarehe 22 Mei 2013, siku ambayo bajeti ya Wizara ya Nishati ilisomwa bungeni, Mtwara iliwaka moto, watu wakafa, wanajeshi wakaingia mitaani. Bomba lilijengwa, lenye urefu wa zaidi ya kilomita mia tano, kwa mkopo wa China, na likazinduliwa mwaka 2015. Mradi mkubwa wa kusindika gesi ya bahari kuu ukapangwa Likong'o, mkoani Lindi, ukabaki kwenye majadiliano mwaka baada ya mwaka. Bei ya viwanja Mtwara ikashuka, na waliokopa kujenga vyumba vya wageni wa mafuta wakabaki na vyumba.

Magazeti mengi ya wakati ule yaliwaita waandamanaji wabinafsi, watu wasioelewa kwamba rasilimali ni ya taifa zima. Niliona wakati ule, na naona hata sasa, kwamba hukumu ile haikuwa ya haki. Vurugu haziteteeki, nyumba na ofisi za watu zilichomwa na roho zikapotea. Lakini waliosimama barabarani walikuwa wana wa watu waliong'olewa reli na wajukuu wa akina mama waliofungiwa milango ya viwanda vya korosho. Hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaeleza nini hutokea bidhaa inapopita bila kusimama. Walikuwa na uzoefu.

Ukitoka Mtwara mjini kuelekea mdomo wa Ruvuma unaingia katika kata za Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara: Ziwani, Madimba, Msimbati, Nalingu na nyingine zilizogawana mikoko, minazi na mikorosho. Hapa ndipo mambo yote matatu niliyoyaeleza yanapokutana na kitu cha nne, ambacho ni hifadhi. Mwaka 2000 eneo la kilomita za mraba 650 la bahari, visiwa, mikoko na vijiji lilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Mto Ruvuma. Kwa hiyo mvuvi wa pwani hii anaishi ndani ya masharti ya hifadhi, huku visima vya gesi vikiwa ndani ya hifadhi hiyo hiyo, na mtambo wa kusafishia gesi uko Madimba. Kwake nyavu zinapimwa ukubwa wa matundu. Kwa kampuni kuna leseni. Naiunga mkono hifadhi: matumbawe na mikoko ya delta ile vikiisha, samaki wameisha na ardhi italiwa na maji. Ila haki ya kuombwa kujinyima inategemea mwenzako naye anajinyima nini.

Basi, mpango wa kufufua ukanda wa namna hii uandikweje?

Nchi zilizopoteza viwanda kabla yetu zimejaribu mengi. Katika mabonde ya Wales ya kusini, ambako makaa ya mawe yalikuwa maisha ya kila nyumba, serikali zilipokezana kutangaza mipango ya kuyafufua, kila mmoja na jina lake, na nyingi zikajenga barabara na majengo ya kupangisha viwanda vidogo vilivyokuja kufuata ruzuku na kuondoka ruzuku ilipokwisha. Hadithi ninayoipenda kutoka huko ni ya mgodi wa Tower, karibu na Hirwaun. Ulifungwa mwaka 1994 kwa madai kwamba hauna faida. Wachimbaji 239, wakiongozwa na Tyrone O'Sullivan, wakatoa kila mmoja pauni 8,000 katika kiinua mgongo chake, wakaununua, na Januari 1995 wakaingia kazini kama wenye mgodi. Waliuendesha kwa miaka kumi na mitatu, hadi makaa yalipokwisha mwaka 2008. Ujerumani, katika bonde la mto Emscher kwenye eneo la Ruhr, walichukua njia nyingine: kwa miaka kumi, kuanzia 1989 hadi 1999, walikataa kubomoa viwanda vilivyokufa. Tanuru za chuma za Duisburg-Meiderich zikawa bustani ya umma, na mto uliokuwa mfereji wa maji machafu ukaanza kusafishwa hatua kwa hatua.

Wales na Ruhr zilikuwa na vitu ambavyo Ziwani haina: pensheni, mabenki, serikali tajiri. Siwezi kudai tuige. Lakini katika hadithi zote mbili kuna jambo moja ambalo halihitaji utajiri. Mali iliyobaki ilihesabiwa, na ikapata mwenye nayo aliye karibu.

Hesabu hiyo kwetu haijafanywa. Ningependa kuona kila halmashauri ya Kusini ikiwa na daftari la wazi la kila jengo la kiwanda, ghala, njia ya reli ya zamani, kiwanja cha mradi uliokwama na karakana iliyofungwa: nani anamiliki, kwa mkataba gani, masharti yapi, na yametimizwa au la. Daftari hilo libandikwe kwenye ubao wa kata. Ni kazi ya maofisa ardhi wachache na miezi michache, na lingewapa madiwani silaha ambayo hawajawahi kuwa nayo. Mpango wowote wa matumizi ya ardhi ya kijiji, unaoruhusiwa na Sheria Na. 6 ya mwaka 2007, unaweza kuanza hapo badala ya kuanza na ramani tupu ya mtaalamu.

Kisha uhesabiwe ujuzi. Wapo Mtwara na Newala wanawake waliobangua na kupanga madaraja ya korosho kwa miaka, viwandani na katika vikundi vya nyumbani, ambao vidole vyao vinajua kutofautisha kiini kizima na chenye ufa bila kutazama. Wapo waunda majahazi na mitumbwi, wachoma chumvi, wapishi wa pweza mkavu. Naliendele wamekwisha kuonyesha kwamba mabibo, ambayo mengi huozea chini ya mti baada ya korosho kukatwa, yanatoa juisi, jamu na mvinyo. Leo sehemu yake ndogo hukaushwa kuwa kochoko au kugeuzwa uraka. Kila tani ya korosho huja na tani kadhaa za mabibo. Ni malighafi nyingi mno inayotupwa bure kila mwaka.

Fedha? Hapa ndipo mpango mzuri hufa, kwa hiyo tuseme wazi. Korosho ghafi inayouzwa nje hutozwa ushuru mkubwa: sheria iliweka asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kiasi kipi kikizidi. Kwa miaka kadhaa asilimia 65 ya ushuru huo ilikwenda kuendeleza zao lenyewe. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa na fedha zote zikaingia Mfuko Mkuu, wabunge wa Kusini wakapinga kwa sauti, wakashindwa. Katika misimu ya karibuni salfa na pembejeo nyingine zimegawiwa kwa ruzuku, na mavuno yamepanda. Ni jambo jema. Lakini ruzuku ya salfa hukuza mavuno ya korosho ghafi, haijengi ubanguaji. Sehemu ya ushuru ule, kwa kiwango kitakachoandikwa ndani ya sheria ili waziri mpya asiweze kukifuta kwa hotuba, irudi wilayani kama mtaji wa ubanguaji unaomilikiwa na vyama. Chama kikuu cha TANECU cha Tandahimba na Newala kimekwisha kuthubutu kujenga kiwanda chake cha kubangua. Kifuatiliwe kwa karibu, kikosolewe hesabu zake, kisaidiwe, kwa sababu kikifaulu kitakuwa hoja kubwa kuliko kitabu hiki.

Serikali nayo inaandaa kongani ya viwanda vya korosho Maranje. Bandari ya Mtwara imeongezewa gati jipya na siku hizi inapitisha makaa ya mawe ya mkoa wa Ruvuma pamoja na korosho. Kiwanda cha saruji cha Dangote kimekuwepo tangu 2015. Pale Mtambaswala, Daraja la Umoja limeunganisha kingo mbili za Ruvuma tangu mwaka 2010, ingawa vita vya Cabo Delgado huko Msumbiji vimefunika mpaka huu kwa hofu; Oktoba 2020 wauaji walivuka mto hadi kijiji cha Kitaya. Kwa maneno mengine, wimbi la nne limekwisha kuanza. Lina shughuli nyingi zaidi kuliko yale yaliyopita, na wingi huo ni kinga: ukitegemea karanga peke yake, au gesi peke yake, siku yake ikifika unabaki mikono mitupu.

Bado sijaona mkataba wa wimbi hili unaoeleza mwisho wake. Kila kisima cha gesi kina umri. Kila machimbo ya chokaa yana kina chake. Mashine ya leo ya kubangua itapitwa, kama za Italia zilivyopitwa. Sheria za madini na mafuta zinadai mpango wa kufunga machimbo na kusafisha mazingira, na hilo ni la lazima, lakini zinasema machache mno juu ya watu: mafunzo ya wafanyakazi kabla ya siku ya mwisho, majengo kurudi kwa halmashauri au ushirika kwa bei iliyokubaliwa tangu awali, barabara na umeme kubaki vikihudumia vijiji. Ushuru wa huduma unaolipwa halmashauri, ambao sheria ya fedha za serikali za mitaa iliuwekea kikomo cha asilimia 0.3 ya mapato, ungeweza kutengewa sehemu ndogo kila mwaka kwa ajili ya siku hiyo. Halmashauri inayotumia shilingi yote ya gesi kwa madawati ya mwaka huu inafanya jambo la huruma, na inawaachia wajukuu wa wanafunzi wale wale deni lisiloandikwa popote.

Watu wa mipango hunijibu kwamba mwekezaji akisikia habari za kufungwa kabla hajafungua atakimbia. Sidhani. Kampuni kubwa za mafuta zina idara nzima za kupanga namna ya kuondoka, zinahesabu gharama zake tangu mwaka wa kwanza. Wasiokuwa na idara ya namna hiyo ni sisi.

Kwa hiyo nawageukia diwani wa Ziwani, mwenyekiti wa kijiji wa Msimbati, mjumbe wa bodi ya chama cha msingi wa Nanyamba, na mama wa kikundi cha ubanguaji atakayeitwa kwenye mkutano wa kumpokea mwekezaji. Mtapewa kofia na fulana, mtaelezwa idadi ya ajira, na mtaombwa kupiga makofi. Pigeni, lakini kabla hamjasaini muhtasari wa mkutano simameni na kuuliza: shughuli hii ikifungwa, jengo, barabara na umeme wake vitakuwa vya nani? Jibu liandikwe kwenye muhtasari, lisomwe kwa sauti, na nakala ibaki katika ofisi ya kijiji.